Kazi Ipi Inahesabika? Maswali ya Wasomaji kuhusu Uzoefu wa Leseni ya Uhasibu

Barua za safari hii zimetoka Kariakoo hadi Dallas, lakini zote zinauliza jambo moja: mitihani nimemaliza au nakaribia, kazi ninayo au naitafuta, je, kazi hiyo itanifikisha kwenye uanachama? Karibu kila aliyeandika ametutajia cheo chake. Cheo tumekiweka pembeni. Tumetafuta kwenye kila barua kazi anayoifanya mwandishi kwa mikono yake, na mtu mwenye sifa anayeiona kazi hiyo.

Nimemaliza karatasi zote za ACCA. Huu ni mwaka wa pili nashika hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Bosi ni mzee mfanyabiashara, hana CPA (sifa ya mhasibu aliyehitimu), na mhasibu ofisini ni mimi peke yangu. Nusu ya siku nipo kwenye vitabu, nusu nasaidia kaunta na stoo. Wenzangu wanasema miaka yote miwili imekwenda bure. Ni kweli? – Msomaji, Dar es Salaam

Haijaenda bure, ndugu yetu, ila haitahesabika yote. ACCA, bodi ya wahasibu ya Uingereza yenye wanachama duniani kote, inadai vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: miezi 36 ya kazi ya uhasibu au fedha, na malengo ya utendaji 9, yaani stadi unazoonyesha kwa maandishi kwamba umezitumia kazini. Kila kimoja kina saini yake.

Tuanze na miezi. Muda unaweza kuthibitishwa na bosi wako hata kama hajawahi kufungua kitabu cha uhasibu, maana anachothibitisha ni kwamba ulikuwepo na ulifanya kazi hiyo. Lakini saa za kaunta na stoo hazimo. Ikiwa kweli nusu ya siku ni hesabu, miezi 24 inakupa 12. Usikisie hiyo nusu. Kwa wiki mbili andika kila jioni ulifanya nini na kwa saa ngapi, kisha tumia uwiano utakaoupata. Na mwombe mzee akuongezee upande wa hesabu: akikutoa kaunta kabisa, mwezi mmoja unakuwa mwezi mmoja.

Malengo ndiyo penye kazi. Hayo husainiwa na mhasibu aliyehitimu, anayetambuliwa na sheria ya nchi au aliye mwanachama wa bodi iliyomo katika IFAC, shirikisho la kimataifa la wahasibu. Si lazima awe wa ACCA. NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, ni mwanachama wa IFAC, vivyo hivyo ICPAK ya Kenya na ICPAU ya Uganda, kwa hiyo CPA(T), yaani CPA wa Tanzania, mwenye uanachama hai anakutosha. Na si lazima awe mwajiriwa wa duka lenu. Mkaguzi wa nje anayekuja kufunga hesabu za mwaka anaweza kuwa msimamizi wako, mradi anaijua kazi yako kiasi cha kuweza kuitolea ushahidi.

Sharti hilo la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Wanamfuata mkaguzi mwezi Juni, wakati yeye anahangaika na ritani za kampuni ambazo mwaka wao wa hesabu uliisha Desemba na siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni, halafu wanamwomba asaini kazi ambayo hajawahi kuiona. Atakataa, na yuko sahihi. Mfuate Julai au Agosti, mweleze unachotafuta, mkubaliane awe anapitia jalada lako kila baada ya miezi mitatu.

Katika jalada hilo weka urari wa mwezi, usuluhishi wa benki, orodha ya mali za kudumu pamoja na uchakavu wake, na uchambuzi wa umri wa madeni ya wateja. Ongeza jedwali moja ambalo wahasibu wengi wa madukani hawalitengenezi: safu ya kwanza jumla za ripoti za Z (za kufunga siku) za EFD, mashine ya risiti za kodi, kwa kila siku, ya pili mauzo yaliyomo kwenye ritani ya VAT, ya tatu fedha zilizoingia benki na kwenye simu. Safu hizo tatu hazilingani karibu kamwe. Bidhaa zilizorudishwa, mauzo ya mkopo, fedha ya mteja iliyoingia tarehe 1 kwa mzigo wa tarehe 30, kila tofauti ina maelezo yake, na ukiiandika pembeni kwa maneno yako mkaguzi anaona jinsi unavyofikiri. Kazi hiyo moja inagusa kurekodi miamala, kodi na udhibiti wa ndani.

Upande wa kuchagua: malengo 5 ni ya lazima kwa kila mtu (maadili, mahusiano na wadau, mkakati na ubunifu, utawala na udhibiti wa hatari, uongozi na usimamizi). Manne mengine unachagua mwenyewe katika orodha ya 17 ya kiufundi. Kwa duka kama lenu chukua kurekodi miamala, kusimamia mtaji wa uendeshaji, ukokotoaji wa kodi na utekelezaji wa taratibu za kodi. Usihangaike na ukaguzi wala tathmini ya uwekezaji kama hazipo mezani kwako. Kila lengo hutimizwa mara moja tu.

Watu huogopa lile la uongozi wakidhani ni mpaka uwe meneja. Ukipanga zoezi la kuhesabu stoo la mwisho wa mwaka, ukagawa watu wawili wawili, ukamfundisha keshia mpya namna ya kufunga siku na ukafuatilia makosa yake mpaka yakapungua, umeongoza.

Nimehitimu shahada ya uhasibu, nimebakiza karatasi tatu. Nimepata nafasi mbili hapa Mwanza: benki, kaunta ya kupokea na kutoa fedha, mshahara mzuri, na kampuni ndogo ya ukaguzi inayotoa posho tu kwa miezi sita ya kwanza. Nyumbani wanataka niende benki. – Msomaji, Mwanza

Tunaelewa shinikizo la nyumbani, na kama kuna ada za wadogo zinazokusubiri hatutakulaumu kwa kuchukua mshahara. Lakini jua unachonunua. Sehemu kubwa ya kazi ya kaunta ni kuhudumia wateja. Hutayarishi taarifa za fedha, hukokotoi kodi, huchambui chochote. Ukikaa hapo miaka mitatu unaweza kutoka bila lengo hata moja la kiufundi la kuandikia. Ukiamua kwenda, ulizia kabla ya kusaini mkataba ni lini na kwa utaratibu gani mtu huhamia idara ya fedha, ukaguzi wa ndani au mikopo, na uombe uhamisho huo uwemo kwenye mpango wako wa kazi ulioandikwa.

Kampuni ndogo ya ukaguzi nayo si dawa yenyewe. Ziko zinazomweka kijana miaka miwili akitiki vocha za malipo, basi. Kwa hiyo nenda kwenye usaili na maswali yako. Nani ataipitia kazi yangu kila wiki, na uanachama wake NBAA uko hai? (Orodha ya kampuni zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya bodi, itazame kabla hujapanda daladala.) Katika miezi 12 ya kwanza nitagusa ukaguzi peke yake au na utayarishaji wa hesabu na kodi pia? Swali lenye uzito kuliko yote liulize mwisho, kwa adabu: kijana aliyekuwa hapa kabla yangu, uzoefu wake ulisainiwa? Naomba niongee naye. Mwajiri asiye na la kuficha atakupa namba.

Kama kampuni unayoitafuta ina idhini ya ACCA ya kulea wanafunzi katika daraja la Gold au Platinum, mwajiri akikubali anaweza kuthibitisha uzoefu wako bila wewe kuandika malengo yote tisa. Nafasi za namna hiyo hugombewa sana. Usizisubiri ukiwa umekaa.

Kuhusu wakati wa kuomba: peleka barua Oktoba na Novemba. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba 31, na siku hiyo hiyo wakaguzi wanahitaji watu wa kusimamia uhesabuji wa stoo za wateja. Kibarua cha siku mbili cha namna hiyo ni mlango, na kina somo ndani yake. Unachukua vitu kadhaa kutoka kwenye orodha unakwenda kuvitafuta rafuni, kisha unageuza: unachagua vitu rafuni unavitafuta kwenye orodha. Mwelekeo wa kwanza unafichua kilichoandikwa lakini hakipo, wa pili unafichua kilichopo lakini hakijaandikwa. Anayerudi ofisini na karatasi inayoonyesha njia zote mbili, namba za kadi za stoo na tofauti zilizopatikana, huyo ndiye anayeitwa tena Januari.

Usiishie kwenye kampuni za ukaguzi. SACCOS, hospitali za misheni, shule binafsi na mashirika yanayopokea fedha za wafadhili huwa na mhasibu mkuu mwenye CPA na kazi nyingi kuliko watu. Mashirika ya wafadhili hasa yana hesabu za kila mradi, bajeti dhidi ya matumizi na ukaguzi wa mara kwa mara. Mwaka mmoja hapo unajaza malengo mengi. Kwa nafasi za serikali fungua akaunti kwenye Ajira Portal na uiweke kamili kabla tangazo halijatoka, maana vyeti vikikosa kupakiwa siku ya mwisho hakuna wa kumlalamikia.

Na onyo moja. Wapo wanaojitolea "kukusainia" kwa malipo. Madai ya uzoefu yanaweza kukaguliwa, na uongo ukigundulika hatua za kinidhamu zinawagusa wote wawili, aliyesaini na aliyesainiwa. Usiijenge leseni ya maisha juu ya saini ya kununua.

Msimamizi wangu amerudisha maelezo yangu mara mbili akisema "hayasemi kitu". Nimeandika vizuri kabisa kwa mujibu wa mwongozo. Nakosea wapi? – Msomaji, Nakuru

Ulitutumia maelezo ya lengo la mtaji wa uendeshaji, na sentensi zako tatu za kwanza ni hizi: "Nilikuwa nasimamia wadaiwa wa kampuni. Nilihakikisha malipo yanafika kwa wakati. Pia nilishirikiana na idara nyingine kuboresha mzunguko wa fedha."

Sentensi hizo zinaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kuona ankara. Msimamizi hawezi kusaini kwa sababu hakuna tukio ndani yake analoweza kusema "hili nililiona". Maelezo yana nafasi ya maneno 200 hadi 500, na yanatakiwa yawe ya kwako, ya kazi maalumu. Chagua mwezi mmoja, tatizo moja. Tazama tofauti:

"Mwisho wa Machi nilichambua umri wa madeni nikakuta wateja saba wamepita siku 90, na watatu kati yao walikuwa bado wanachukua mzigo kwa mkopo. Nililinganisha leja na taarifa walizonitumia. Wawili walikuwa wamelipa ila malipo yao yalikuwa yameingizwa kwa mteja mwingine mwenye jina linalofanana. Nilirekebisha kwa vocha ya jarida iliyoidhinishwa na meneja. Kwa waliobaki nilipendekeza mzigo usimame hadi robo ya deni ilipwe. Idara ya mauzo ilipinga, ikihofia kumpoteza mteja mmoja mkubwa. Nilitayarisha jedwali la fedha tulizotarajia kwa wiki sita, likionyesha kuwa wiki ya nne tusingekuwa na fedha ya mishahara. Meneja alikubali kwa wateja wote isipokuwa huyo mmoja, ambaye tulimpangia malipo ya kila wiki."

Hapo kuna alichokikuta, alichokifanya, pingamizi, na uamuzi ambao haukumwendea asilimia mia. Acha pingamizi libaki kwenye maelezo yako. Wengi hulifuta wakidhani linawaharibia, kumbe ndilo linaloonyesha kulikuwa na kazi ya kufikiri. Majina ya wateja usiyaandike. Ni siri ya mwajiri.

Mengine ni ya haraka. Andika "nili-" pale ulipofanya wewe, "tuli-" pale tu mlipofanya pamoja. Usitumie tukio moja kwa malengo manne. Linaweza kubeba mawili, likizidi hapo msimamizi ataanza kuuliza miezi mingine ulikuwa unafanya nini. Na usinakili mfano wetu huu. Msimamizi wako husoma magazeti pia.

Bosi aliyekuwa ananisimamia kwa mwaka na nusu amehamia Dubai, na kampuni imefunga tawi. Sijawahi kumwomba asaini chochote. Muda huo umepotea? – Msomaji, Tanga

Kama bado mnawasiliana, haujapotea. Anaweza kuthibitisha kipindi alichokusimamia hata kama hayupo tena kwenye ofisi ile, kwani usajili wa msimamizi kwenye MyExperience, mfumo wa mtandaoni wa ACCA wa kurekodi uzoefu, hufanyika kwa barua pepe pamoja na jina la bodi yake na namba yake ya uanachama. Mwandikie wiki hii. Usimtumie ombi tupu: mpe tarehe ulizoanza na kumaliza, kazi tano ulizofanya chini yake, na maelezo uliyokwisha kuyaandika, ili asome na kusahihisha badala ya kukumbuka mwaka na nusu kichwani.

Asipopatikana, mtafute mhasibu mwingine aliyehitimu ambaye aliiona kazi yako kipindi kile: mkaguzi wa nje, au mhasibu wa makao makuu aliyekuwa akipokea taarifa zako za mwezi. Asiyekuwepo hawezi kusaini, hata akiwa rafiki.

Kwa wote wanaosoma jibu hili wakiwa bado kazini: ombeni uthibitisho kila robo mwaka. Watu huhama, ofisi hufungwa, barua pepe za kazini hufa siku ya mwisho wa mkataba.

Nina shahada ya biashara kutoka Nairobi na CPA(K). Niko Dallas, nafanya idara ya kulipa wasambazaji kwenye kampuni ya malori. Mwenzangu ameniambia nikifikisha saa 2,000 naomba leseni ya CPA ya Texas. Ni rahisi hivyo? – Msomaji, Texas

Idadi ni sahihi, lakini imebeba masharti. Marekani leseni hutolewa na jimbo. Texas inataka mwaka mmoja, yaani saa 2,000, wa kazi ya uhasibu isiyo ya mazoea, chini ya usimamizi wa CPA. Kila jimbo lina idadi yake. Illinois kwa mfano ni saa 1,500. Ukihama, soma kanuni za huko unakokwenda kabla hujaanza kuhesabu.

"Isiyo ya mazoea" ndipo ulipo mtego wako. Kuingiza ankara kwenye programu, kuzilinganisha na hati ya kuagiza na kuandaa malipo ya Ijumaa ni mazoea, hata ukifanya kwa uhodari gani. Kinachotafutwa ni kazi inayodai uamuzi wako: kukadiria gharama zilizokwisha kutumika lakini ankara haijafika mwisho wa mwezi, kuamua kama ukarabati wa injini ya lori ni matumizi ya mwezi huu au ni mali ya kudumu, kuchambua kwa nini gharama ya mafuta imepanda kuliko bajeti na kuiandikia menejimenti. Kazi hizo zipo ndani ya kampuni yako hiyo hiyo. Nenda kwa mkuu wa hesabu, omba kuchukua sehemu ya kufunga mwezi. Anza na makadirio ya ankara ambazo hazijafika. Idara yako ndiyo inayojua nani hajaleta ankara, kwa hiyo ombi lako litaeleweka.

Kisha hakikisha anayekusimamia kweli ana leseni. Wapo waliofaulu mitihani ya CPA lakini hawakuwahi kupata leseni, na wapo walioiacha ikafa. Ingiza jina lake kwenye CPAverify, tovuti ya kuhakiki leseni za CPA, ni bure, uone jimbo na kama leseni iko hai. Fanya hivyo mwanzoni, usingoje saa 1,900 zitimie.

Wakenya na Watanzania wengi huko huanzia ofisi ndogo za kodi, Januari hadi tarehe 15 Aprili. Ni shule nzuri ya kodi za watu binafsi. Ila angalia mwenye ofisi ni nani. Wengi wao ni Enrolled Agent, wanaotambuliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuwakilisha walipa kodi, na hao si CPA. Kama hakuna CPA anayekusimamia hapo, chukua mshahara na ujuzi, saa za leseni usizihesabu.

Hesabu ya muda iko hivi: ukipata saa 40 kwa wiki za kazi inayokubalika, ni wiki 50, ukipata 25, ni wiki 80. Kama siku yako ni nusu ankara na nusu uchambuzi, weka kumbukumbu ya kila wiki ya nusu ya pili peke yake, yenye kazi, tarehe na jina la aliyeipitia.

CPA(K) yako haibadilishwi moja kwa moja kuwa leseni ya Texas. Mitihani ya Marekani utafanya, na shahada yako itapelekwa kutathminiwa. Wengi wa waliosoma kwetu hukwama kwenye sharti la saa 150 za masomo ya chuo kikuu (credit hours). Hapo kuna badiliko linalokuhusu. Ohio ilipitisha sheria mwanzoni mwa 2025 inayoruhusu shahada ya kwanza ya uhasibu pamoja na uzoefu wa miaka 2 badala ya mwaka 1, na majimbo mengine, Texas ikiwamo, yamefuata. Pima gharama ya mwaka wa ziada darasani dhidi ya mwaka wa ziada kazini. Ukichagua njia ya kazini, unamhitaji msimamizi mwenye leseni kwa muda mara mbili, kwa hiyo siku utakayobadilisha kazi fomu ya kipindi kilichopita iwe imekwisha kusainiwa kabla hujarudisha kitambulisho cha kuingilia ofisini.